Siku moja Bagamoyo kwa miguu: anzieni upande wa bara, malizieni baharini

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha. Anakuja Bagamoyo Jumamosi na mdogo wake wa kiume, wanatoka Dar, hawana gari, wana siku moja tu. Wanataka kuuzunguka mji mkongwe kwa miguu na waelewe kweli mambo ya Wajerumani pale, sio kupiga picha kwenye kuta zilizochakaa halafu basi. Anauliza waanzie wapi, wachukue mtu wa kuwaongoza au waende wenyewe, na kama ni kweli alivyoambiwa kwamba boda inamaliza kila kitu kwa masaa mawili.

Dada yangu, boda itakupitisha kwenye kila jengo, hilo ni kweli na masaa mawili yanatosha. Ila Bagamoyo ukiruka kutoka jengo hadi jengo unapoteza kitu chenyewe, maana mji huu ulikuwa njia kabla haujawa mji wa serikali yoyote, mizigo ilikuwa inaingia upande mmoja inatokea upande mwingine, na ukitembea mwenyewe kwa mwelekeo ule ule waliotembea wenye mizigo kila jengo linajieleza lenyewe kwa nini lipo pale lilipo. Kwa hiyo jibu langu la wapi muanzie ni hili: msianzie Boma, lile jengo la utawala la Wajerumani. Watu wengi wanaanzia Boma kwa sababu ni kubwa na ndilo liko kwenye picha zote, wakifika hapo wanakuwa wameshaamini kwamba Bagamoyo ni mji wa Wajerumani, na kuanzia hapo kila kitu wanakisoma kinyume.

Angalia miaka yenyewe. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki imeweka makao yake Bagamoyo 1888, na 1891 serikali ya koloni ikahamia Dar es Salaam. Boma limejengwa 1897, yaani makao makuu yameshahama miaka sita nyuma, lile lilikuwa boma la wilaya. Agosti 1916 Waingereza wakauteka mji. Sasa jumlisha hapo utaona Wajerumani wamekaa chini ya miaka 30, na walipofika walikuta mji tayari una wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu, Washomvi (Waswahili wenyeji wa pwani hii) wenye ardhi yao, maelfu ya wapagazi wanaoingia na kutoka kila msimu, nyumba za mawe, misikiti, na misheni ya Kikatoliki yenye miaka 20 tayari. Hawakuujenga mji, waliukalia. Ukilishika hilo tu safari yako nzima inakaa sawa.

Kwa hiyo mkishuka stendi nendeni kwanza Caravan Serai, kule juu upande wa bara. Pale ndio misafara ilikuwa inafikia kutoka Ujiji na Tabora. Jengo lililopo sasa limekarabatiwa sana, kwa macho tu halitakushtua, ni nyumba ya katikati na uwanja umezungushiwa vyumba, ila simameni kwenye ule uwanja dakika kadhaa mfikirie umbali. Mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200. Mpagazi mmoja anabeba kilo 30 hivi begani au kichwani, anatembea miezi, anashuka na pembe za ndovu, anapanda na merikani (kitambaa cha pamba), shanga na waya wa shaba. Na wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kazi, wanapatana mshahara, wanalipwa kwa nguo, wakiona wanadhulumiwa wanatua mizigo wanagoma hapo hapo njiani. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ukizunguka Bagamoyo utasikia kila jengo likitajwa kwa utumwa peke yake. Utumwa ulikuwepo, tena kwa ukatili mkubwa, watu waliuzwa wakavushwa kwenda Zanzibar mpaka soko la kule likafungwa kwa mkataba wa 1873, na hata baada ya hapo iliendelea kwa kificho. Lakini kilichoufanya mji uwe tajiri zaidi ya kitu kingine ni pembe, na pembe zilibebwa kwa sehemu kubwa na vijana waliokuja kutafuta maisha kama vijana wanavyokuja mjini leo. Ukiwasahau hao unakuwa umewafuta waliojenga biashara yote ile.

Upande huo huo kuna mnara mdogo wa mviringo, Dunda, una matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Watu wanaupita tu kwa sababu hauna urembo wowote. Msiupite. Umejengwa 1889 na Hermann von Wissmann, na uangalieni umeelekezwa wapi: unalinda mji dhidi ya nchi, dhidi ya wenyeji. Hiyo ni picha kamili ya mwaka ule. Sultani wa Zanzibar alikuwa amesaini mkataba mwaka 1888 wa kuwapa kampuni ya Kijerumani kuendesha pwani kwa jina lake, Agosti wakaanza kupandisha bendera yao na kutaka ushuru na hati za ardhi, Septemba pwani nzima ikawaka. Abushiri bin Salim aliongoza upande wa Pangani na kuja huku, Bwana Heri upande wa Saadani. Hapa Bagamoyo meli ya kivita ya Kijerumani, Leipzig, iliteremsha wanamaji kupigana na watu mjini. Kampuni ikashindwa kabisa, ndipo serikali ya Ujerumani yenyewe ikamtuma Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa hiyo ule mnara ndio jengo la Kijerumani mnalotakiwa kuliona la kwanza, na mkilifikia Boma baadae mtajua lilisimama juu ya nini.

Kutoka hapo shukeni taratibu kuelekea baharini mpaka mtaa wa India, ule unaokwenda sambamba na pwani. Hapa ndio naomba mtumie muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Hakuna kibao cha maana, na ndio sehemu tajiri kuliko zote.

Anzeni na ukuta. Tafuteni mahali plasta imebanduka, hamtakosa, msogelee mpaka muone jiwe. Ni jiwe la matumbawe, lina vitundu vitundu na mara nyingine unaona kabisa alama ya kombe ndani yake, limeshikwa kwa chokaa ambayo nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni. Ukuta wa namna hii unavuta unyevu wa chumvi kutoka chini na unautoa tena nje, chokaa inaupitisha. Sasa tafuta nyumba ya jirani iliyopigwa plasta ya saruji, inaonekana safi, imenyooka, gonga taratibu kwa kidole usawa wa kiuno, sehemu nyingi utasikia inalia tupu. Saruji imeziba, unyevu umekosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta inalisaga jiwe polepole mpaka siku kipande kizima kinadondoka. Hii ndio kazi ninayoifanya na inaniuma sana, maana nyumba nyingi za mtaa huu haziuliwi na uzee, zinauliwa na ukarabati wa haraka uliofanywa kwa nia njema kabisa. Mwenye nyumba anakuwa amejibana amenunua mifuko ya saruji kuokoa nyumba ya babu yake na ndiyo inayoibomoa.

Halafu chungulia ndani pale mlango ulipo wazi (piga hodi kwanza, ni nyumba za watu). Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama mita tatu hivi kwenda upande wa pili. Sababu ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, mingi ilikuwa inatoka delta ya Rufiji kwa majahazi, na mkoko ulionyooka hauzidi sana urefu huo, kwa hiyo tajiri hata awe na pesa kiasi gani chumba chake kilikuwa na upana wa mti. Ndio maana nyumba ya tajiri inaenda juu na inaenda nyuma, haitanuki.

Milango sasa. Ile yenye fremu ya mraba, kizingiti cha juu kimenyooka na kimechongwa maua na maandishi, hiyo ni ya mkondo wa Kiarabu. Ile yenye vipande vipande vya miraba midogo na vifundo vya shaba ni mkondo wa Kihindi, wa Gujarati. Yenye upinde juu mara nyingi ni ya baadae. Angalieni mfaa, ule mti wa katikati ambapo mabawa mawili yanakutana, fundi aliweka nguvu zake zote pale, na chini ya fremu mara nyingi utakuta amechonga mnyororo ukizunguka pembeni. Utaambiwa mnyororo maana yake mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Mimi sioni hivyo, mnyororo huo huo uko kwenye milango ya pwani nzima, kwa matajiri na kwa watu wa kawaida, ni urembo wa kuilinda nyumba. Na muangalie kama nyumba ina baraza nje au ina milango mipana ya mbao inayofunguka mbele yote. Baraza ni nyumba ya kuishi na kupokea wageni, ile mipana ni duka chini na familia juu. Kwa kuhesabu hizo tu mnajua mtaa ulikuwa wa nani.

Jina mtakalolisikia hapa ni Sewa Haji Paroo. Huyu alizaliwa 1851, Mwismailia, biashara yake kubwa ilikuwa kuwaandalia misafara mizigo na wapagazi, hata Wazungu wavumbuzi walikuwa wanapita kwake. Wengi wa Dar wanamfahamu bila kujua, ile wodi ya Sewa Haji Muhimbili ni jina lake, alitoa pesa ya hospitali. Hapa Bagamoyo alijenga shule ya ghorofa, akawakabidhi Wajerumani 1896 kwa sharti kwamba watoto wa rangi na dini zote wasome. Ni Shule ya Msingi Mwambao mpaka leo, watoto wanasoma. Ukilipita jengo lile Jumamosi litakuwa limetulia, simama nje ulitazame, kwa sababu ni jengo la wakati wa Wajerumani ambalo pesa na masharti yake yametoka kwa mtu wa mji.

Mkimaliza mtaa shukeni pwani kwenye soko la samaki na forodha ya zamani. Forodha ni ya 1895, iko pale pale ufukweni, na hapo mtaelewa kwa macho kwa nini Bagamoyo ilikufa kibiashara. Mkifika maji yametoka mtaona bahari imekimbia mbali sana, mashua na ngalawa zimelala kwenye mchanga, watu wanatembea mpaka zilipo. Kwa jahazi hiyo sio shida, inaingia na maji inasubiri yatoke inapakuliwa kwa miguu. Kwa meli ya moshi ni balaa, inabidi itie nanga mbali huko na kila kitu kivushwe kwa mashua. Dar ina bandari ya asili yenye kina, ndio sababu kubwa ya kuhamisha makao makuu 1891. Halafu reli ikaanzia Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, njia ile ile ya misafara. Baada ya hapo hakuna tena sababu ya mpagazi kutembea miezi na kilo 30 kuja Bagamoyo. Na kwa sababu pesa iliondoka, hakuna aliyebomoa mji kujenga mpya, kwa hiyo kuta mlizozigonga asubuhi mnazikuta kwa sababu ya hayo maji mafupi.

Baada ya hapo sasa ndio muende Boma na Ngome Kongwe. Boma ni ghorofa moja juu, umbo la herufi U, juu limewekwa meno kama ngome ya vita lakini chini matao na madirisha yake yanaiga ujenzi wa pwani, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zililiangusha sehemu. Ngome ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1860 hivi, ilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, ikapita kwa sultani, Wajerumani wakaweka askari, baadae ikawa gereza mpaka miaka ya 1970. Vyumba vya giza mtakavyooneshwa vina historia zote hizo, kwa hiyo mtu akiwaonesha chumba muulizeni "hiki ni cha wakati gani?" kabla hamjaanza kulia. Mtaonyeshwa pia habari za Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana huko kusini mwa Sudan, alifika mjini na mvumbuzi Stanley tarehe 4 Desemba 1889, usiku wa karamu akadondoka kutoka ghorofani akaumia vibaya, akalazwa hapa. Ni kisa kizuri ila msikipe muda mwingi.

Kuna makaburi ya Wajerumani, kama 20, wengi ni wa vita vile na miaka michache iliyofuata, yametunzwa, kila mmoja na jina lake. Na sio mbali kuna alama ya mahali Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga Waafrika waliowapinga, pale hakuna orodha ya majina. Tembeleeni yote mawili siku hiyo hiyo, moja baada ya lingine, bila kupumzika katikati. Mdogo wako kama ni kijana wa sekondari muachie hapo asome mwenyewe, usimwelezee chochote.

Mchana kuleni, pumzikeni jua lipungue, halafu saa tisa muelekee kaskazini kwenye misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 kutoka Zanzibar, wakaanza kuwakomboa watumwa, wengi watoto, na kuwajengea kijiji cha watu huru. Barabara ya miembe mtakayopita ni ya wakati wao. Jumba la masista la 1876 ndio makumbusho, ingieni. Kanisa la zamani ni ule mnara, na hapo mwezi Februari 1874 uliwekwa mwili wa Livingstone kabla ya kuvushwa Zanzibar. Alikufa Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka hapa. Walipoukabidhi wengi wao wakalipwa wakaambiwa basi, kazi imekwisha. Livingstone yuko Westminster Abbey. Mimi kila nikisimama pale nawafikiria hao wabebaji zaidi, na mkiwa mmetoka Caravan Serai asubuhi mtajua mnafikiria watu gani, ni wale wale.

Mtazameni na mbuyu wa misheni. Una kipande cha mnyororo kimechomoza kwenye shina, inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa anafunga punda wake pale na mti ukaendelea kunenepa ukaumeza mnyororo. Kilichobaki nje ni kifupi, kinashikika kwa vidole.

Kuhusu kuongozwa: chukueni mtu, ila kwa mji wa katikati tu, masaa mawili matatu, na apatikane kupitia ofisi mtakapolipia kiingilio, sio anayewadaka stendi. Kubalianeni bei kabla, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni kwa hiyo bebeni vitambulisho, lipeni kwa namba ya malipo ya serikali mpewe risiti. Mwambieni mapema mnataka kutembea kutoka bara kwenda pwani, wengine watasita kidogo kwa sababu wamezoea kuanzia Boma, lakini wakikubali mtafaidi sana kwa sababu mwenyeji ndiye anayeweza kukugongea hodi nyumba ya mtu.

Kaole iko kusini kama kilomita tano, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Inahitaji asubuhi yake, kwa siku moja msiichanganye, mtaharibu zote mbili. Kama mkilala, sawa, asubuhi mapema sana kwa miguu au boda, hiyo safari boda naikubali.

Daladala za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho, pandeni saa kumi na mbili kamili asubuhi, mkichelewa foleni ya Tegeta na Bunju itawala muda wote wa ubaridi. Viatu vya kufunga maana mawe yanateleza pwani, kofia, maji ya kutosha. Dada beba kanga, utaihitaji ukipita karibu na misikiti na ukikaa barazani kwa watu. Kabla hamjatoka angalieni ratiba ya maji kupwa na kujaa ya siku hiyo, mkiweza mpange mfike forodhani maji yakiwa yametoka. Sokoni usimpige mtu picha bila kumuomba, wavuvi wa pale wamechoka kupigwa picha, ukinunua hata pweza wa kukaanga kwanza mnaongea vizuri tu. Na ukirudi niambie ulipogonga ukuta ulisikia nini, hasa ile nyumba ya ghorofa yenye mlango wa upinde, nataka kujua imefikia wapi.